Mgonjwa Aliyepona Fundi Akifika

Mashine ya barafu ya ghala lile la samaki ilikuwa na jina: Bi Baridi. Jina alipewa na Shangazi, aliyemtunza kwa miaka ishirini na miwili, akimsugua na kumsemesha kama mke mwenza waliyepatana naye. Bi Baridi hakutengeneza mabonge. Barafu yake ilikuwa ya vipande vyembamba, vyepesi, kama magamba ya samaki mkubwa, na hiyo ndiyo iliyotakiwa pale, maana inamlalia samaki mwili mzima bila kumchubua.

Basi Bi Baridi akaanza kuumwa. Alfajiri anatoa barafu kavu inayolia kwacha-kwacha mkononi, lakini ikifika saa nne anatema uji. Samaki waliofunikwa uji huo walilegea macho kabla ya mchana, na wanunuzi wakaanza kununa.

Akaitwa Fundi. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke, binti wa kaka yake Shangazi, na tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka sita, ni Shangazi huyohuyo aliyemlea. Leo alikuwa na sanduku lake la vyuma, ovaroli ya buluu, na kalamu ya kupimia umeme mfukoni. Mara ya kwanza alikuta chokaa ya maji imeganda ndani ya pipa, pale parafujo kubwa inapozunguka na kukwangua barafu. Akaiyeyusha kwa dawa, akasuuza mara tatu, akaimwaga barafu ya kwanza asije mtu akala dawa. Mashine ikapona. Hakuwa amefika hata kwake, simu ikalia: uji. Mara ya pili akabadilisha boya la tangi na chujio la maji. Ikapona. Akaondoka. Uji.

Asubuhi hii ilikuwa mara ya tatu. Mlinzi wa geti alipomwona tu, alipiga kelele kuelekea ndani kama kawaida yake: "Fundi kafikaaa!" Fundi alipovuka uwanja na kuingia, mkuu wa ghala alikuwa anamsubiri mlangoni. Wafanyakazi walimwita Bwana Saa, kwa sababu hata akikupa mkono wa salamu jicho lilikuwa kwenye saa yake.

"Fundi, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini leo saa sita kamili nitashika barafu kwa mkono wangu mwenyewe. Ikiwa uji, kesho lori linatuletea barafu kutoka nje, na huyu bibi kizee wenu anang'olewa."

"Na Shangazi je?"

"Shangazi kazi yake ni kutunza mashine. Mashine haipo, atatunza nini?" Akatazama saa, akaenda zake.

Shangazi alikuwa amesimama palepale, brashi mkononi. Aliendelea kufuta mahali palipokuwa safi tangu jana. Fundi akamtazama. Mwanamke huyu hakuwa na mume wala mtoto wa kumzaa. Alikuwa na yeye, na alikuwa na Bi Baridi.

"Usihangaike, Shangazi. Nitampata tu huyo mchawi."

"Mchawi hapatikani na mtu mwenye njaa. Umekunywa chai?"

"Baadaye."

Akafungua kifuniko. Maji yalikuwa baridi ya kutosha, boya linapanda na kushuka bila kukwama, parafujo inazunguka kwa sauti moja kama mtu anayesoma polepole. Akamulika rejeta, ule wavu wa mapezi ya bati ambao feni huupuliza ili joto lote litoke nje kupitia dirisha la vyuma la nyuma. Hakuna vumbi, hakuna unyoya. Shangazi aliupiga brashi kila Ijumaa bila kukosa. Kisha akachota barafu kwenye sanduku. Ya chini ilikuwa uji. Ya juu, iliyokuwa ikidondoka dakika ileile, ilikuwa kavu, kwacha-kwacha.

Fundi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Saa nne na nusu. Wanawake wa kusafisha samaki walikuwa wamepumzika na vikombe vyao vya chai, nguo zimewaloa mpaka magotini.

"Kitendawili!" akasema Fundi ghafla, kama alivyofundishwa na Shangazi walipokuwa wakimenya vitunguu jikoni zamani.

"Tega!" wakaitika.

"Mgonjwa wangu, nikija anapona, nikiondoka anaugua."

"Mume wangu siku ya kufua mapazia!" alidakia Mama Kicheko, mnene wa sauti kuliko wote, na kicheko chake kikagonga mabati. "Ila kwangu ni kinyume. Mimi nikija anaugua!"

"Anakuogopa, Fundi," alisema mwingine. "Hata mtoto mtundu, mwalimu akiingia hukaa vizuri."

Wakacheka wote, isipokuwa Shangazi, aliyetulia akikuna kidevu. "Hicho kitendawili kina jibu," alisema. "Kila kitendawili kina jibu. Wewe mgonjwa umempima mara tatu. Nyumba yake je, umeipima?"

Neno hilo likamkaa Fundi. Kweli, mashine ni ileile, akiwepo na asipokuwepo. Kinachobadilika ni yeye kuwepo. Sasa hawa watu, yeye akiondoka, wanafanya nini?

Hakuuliza. Ukimuuliza mtu unafanya nini kila siku, atakuambia hafanyi kitu. Alifunga sanduku lake kwa kishindo, akaaga kwa sauti kubwa, "Haya jamani, mimi nimemaliza!", akatoka mpaka getini, akampungia mlinzi mkono. Kisha akazunguka nyuma ya ukuta, kule samaki wanakoshushiwa, akaketi juu ya kreti tupu akahesabu dakika ishirini. Ndipo akaingia kimyakimya kwa mlango wa nyuma.

Alichokiona kilimfanya asimame.

Dirisha la vyuma la Bi Baridi, lile la kutolea joto, halikuonekana. Lilikuwa limefunikwa aproni mbichi za wale wanawake, tisa, zimepangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake koti jeupe. Shangazi alikuwa akizinyoosha kwa viganja, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Na ile harufu, ya kitambaa kibichi kinachopata moto, ilimpiga Fundi puani ikamrudisha miaka ishirini na zaidi nyuma.

Alikuwa na sare moja tu ya shule. Jioni Shangazi aliifua, alfajiri akaibeba mbichi kwenye mfuko mpaka ghalani, na yeye Fundi, akiwa mdogo, alipita hapa njiani kwenda shule, akavuliwa kanga akavikwa sare yenye joto, kama imetoka kwenye pasi. Wenzake darasani walitetemeka asubuhi za mvua. Yeye alikaa na joto la Bi Baridi mgongoni mpaka kengele ya pili. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza joto lile lilitoka wapi.

"Shangazi," akaita.

Shangazi akaruka, akaanza kuzinyakua aproni. "Ee, wewe! Si umeondoka? Subiri nianue, mgeni hapokewi na nguo zinaning'inia!"

"Ndivyo mnavyofanya kila nikija? Mlinzi akipiga kelele, mnaanua?"

"Tungekuacha utukute hivi? Una akili wewe?"

Fundi akapeleka mkono kwenye vyuma. Vilikuwa vinaunguza. Ndani, barafu iliyokuwa ikidondoka ilikuwa imeshaanza kung'aa maji. "Shangazi, zamani sare yangu ulikuwa unaiweka hapa hapa?"

"Hapana. Palikuwa na kamba ukutani kule, hatua tatu. Mwezi juzi walipotengeneza sakafu waling'oa msumari, wakamsogeza Bi Baridi. Tukaona tulaze hapa hapa, zinakauka upesi." Macho yake yakatoka kwenye aproni yakaenda kwenye barafu, yakarudi. "Hawezi kupumua," akasema polepole. "Kumbe ni mimi. Ninamziba pua mwenzangu kwa mikono yangu."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Na huyo anakuja."

Bwana Saa alikuwa anakuja kweli, saa tano na robo, ili ahakikishe saa sita haijachelewa. Fundi alifungua mdomo atafute maneno laini, lakini Shangazi alimtangulia. "Bwana mkubwa, kosa ni langu. Nguo ninazoanika hapa ndizo zinazomuumiza mashine. Kama kuna wa kuondoka, niondoke mimi, yeye abaki. Hana kosa."

Bwana Saa akakunja uso. "Nguo? Nani kakuruhusu kugeuza mashine ya kampuni kuwa kamba ya..." Sauti ikafa. Alikuwa ameliona koti jeupe katikati ya aproni, lenye kalamu tatu mfukoni.

Mama Kicheko akaziba mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalikuwa yanaruka.

"Hilo ni lako, bwana," alisema Shangazi kwa heshima zote. "Unaniletea kila asubuhi ukitoka kukagua vyumba vya barafu. Unasema ukilivaa bichi unapata mafua."

Kwa mara ya kwanza watu wakamwona Bwana Saa akisahau kutazama saa. Akakohoa. "Fundi," akasema, "dawa yake nini?"

"Tumvute mashine mpaka mahali pake pa zamani apate nafasi ya kupumua, na msumari urudishwe ukutani, hatua tatu kutoka hapa. Nguo zitakauka kwa hewa inayofika huko. Taratibu kidogo, lakini zitakauka."

Walimvuta Bi Baridi wote, Bwana Saa naye akisukuma kwa bega. Fundi akapiga msumari, akafunga kamba, akakaza fundo mara mbili. Ilipotimu saa sita kamili, mkuu wa ghala alitumbukiza mkono kwenye sanduku, akafinya. Kwacha-kwacha. Akafinya tena, kama mtoto. "Nitalipigia simu lile lori lisije," akasema, akachukua koti lake akaenda.

Shangazi alikaa kwenye ndoo. Fundi akachuchumaa mbele yake.

"Shangazi, ile sare. Sijawahi kukushukuru."

"Ya nini kushukuru? Ilikuwa nguo tu."

"Ilikuwa na joto."

Shangazi alimtazama, kisha akamshika mkono wa ovaroli, uliolowa mpaka kwenye kiwiko. "Hebu vua hiyo, usije ukashikwa na kikohozi. Na ile chai yako sasa uinywe." Akaitundika ovaroli kwenye kamba mpya, akainyoosha kwa viganja viwili, na Bi Baridi akaipulizia taratibu kutoka hatua tatu.