Ngao, Panga Mbili na Mkono Wangu wa Kushoto

Waligombania nini? Ngao, mwanangu! Wajukuu zangu hawa, Mwanakheri na Shomvi, wana mchezo wao wa mezani. Wanajifanya mashujaa, wanarusha dadu la pande ishirini, wanapigana na mazimwi wa karatasi. Mwanakheri ana ngao na upanga. Shomvi ana panga mbili, kwa hiyo kila zamu anapiga mara mbili, na mazimwi wote anawamaliza yeye.

"Na mimi ngao yangu ya nini? Ya kupepea?" Mwanakheri akasusa. Siku ya pili hiyo kila mtu anakula na sahani yake pembeni, nyumba hii ambayo tangu mama yangu yu hai tunakula sinia moja! Wakaniambia, "Babu, amua wewe." Mie, darasa la tatu sikumaliza.

Basi jana, ule usingizi wa baada ya adhuhuri, nikaota.

Niko jikoni. Jiko linakuwa uwanja wa mpira. Zimwi amekaa golini anachambua mchele.

"Shikamoo mzee. Ngao au panga mbili?"

Nachukua kawa la kufunikia chakula. Kawa linaguna: "Mie nimezoea nzi, lakini haya."

Zimwi anang'oa kichwa, anakirusha kama dadu. Kinasimama. "Kumi na tano. Nimekukosa kidogo tu, kawa limekuponya." Nami nampiga mwiko mmoja. Anapiga miayo. "Mzee, hivi tutafika Idi."

Naweka kawa chini, nachukua miiko miwili. Mkono wa kushoto unakataa.

"Tangu uzaliwe unanipa kazi za chooni," unasema. "Kula, mwenzangu wa kulia. Kusalimia watu, mwenzangu. Leo vita ndiyo unanikumbuka?"

"Nisamehe, ndugu yangu. Unataka nini?"

"Kazi moja kila zamu, nichague mwenyewe. Nikishika upanga, ama nipige ama nikinge. Nikishika ngao, ama nikinge ama nimsukume mtu aanguke. Vyote viwili kwa mpigo, sitaki."

Zimwi anavaa kichwa. "Haki hiyo. Andika, mzee."

"Sijui kuandika vizuri."

"Nani kakwambia wewe?" unasema mkono.

Nikaamka. Wajukuu wameinamia daftari lao la sheria za mchezo. "Babu, nani kaandika hapa, 'Kazi moja kila zamu'?" Herufi kubwakubwa, zimelala kama mihogo baada ya upepo. Nikatazama kidole gumba cha kushoto: wino wa bluu, mbichi.

Nikakifumbata kidole. Wao wakarusha dadu. Mwanakheri akamsukuma zimwi kwa ngao, chali! Zimwi wa pili akaja, Shomvi akazuia kwa upanga mmoja.

"Mbona hukupiga?"

"Si angekupata wewe, dada."

Bi Time, mke wangu, akatokea mlangoni: "Mnakula au mnaua?"

"Sahani ngapi, bibi?" Mwanakheri akauliza.

"Sahani za nini? Nawa mikono!"

Tukaketi, magoti yakigusana, tukala.