Kidole cha Tajiri

Kila siku ya mechi, kabla hata wachezaji hawajavaa soksi, kocha alibeba ubao wake wa kupangia timu mpaka ofisini kwa tajiri mwenye klabu. Tajiri anamaliza chai yake kwanza, anavitazama vile vifungo vya sumaku vyenye namba za wachezaji, kisha ananyoosha kidole na kukisukuma cha namba tisa mpaka mbele kabisa. Namba tisa ni mwanawe wa kumzaa. Mashabiki walimwita Mrithi, na wala si kwa mapenzi.

Haya, kijana mwenyewe hakuwa na ubaya. Ana adabu, anawahi mazoezini. Lakini mpira unamkimbia, sasa ufanyeje? Akikosa bao moja tu, uwanja mzima unamzomea, na mama yake aliyekaa jukwaa kuu anachukua mkoba wake anaondoka. Makocha watatu walitimuliwa msimu huo huku timu ikiburuza mkia, na kile kidole kikabaki kazini.

Huyu wa nne naye alikuwa ameufyata. Kazi aliipenda, na aliitaka. Ila ilipofika mechi ya mwisho, ambayo sare tu ingewaokoa wasishuke daraja, nafsi ikamsuta. Akaenda ofisini mikono mitupu.

"Ubao uko wapi?" tajiri akauliza.

"Uko kwa wachezaji, mzee. Kikosi wameshakiona."

"Na mwanangu?"

"Benchi."

Tajiri akaweka kikombe chini taratibu. Hakufoka, na hapo ndipo kocha alipoogopa kwelikweli.

"Basi leo ndiyo mwisho wako hapa. Ushinde, ushindwe."

"Nimekuelewa, mzee."

Na mechi yenyewe? Jamani, ilikuwa mbovu hata kuihadithia ni aibu! Mabeki walibutua tu, mpira uende unakojua wenyewe. Kipa alijitupa huku na huku kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Lakini ikaisha bila bao, timu ikabaki ligi kuu, na watu wakakumbatiana na wasiowajua.

Kocha hakushangilia sana. Alibaki chumba cha kubadilishia nguo akikusanya vitu vyake, na roho inamuuma, asikudanganye mtu. Mara Mrithi akaingia, ubao kwapani, jezi yake safi haina hata tone la jasho. Kocha akajiweka tayari kutukanwa.

"Nisamehe, kijana wangu," akamuwahi. "Najua ulitaka kucheza."

"Unisamehe wewe, mwalimu. Baba kaniambia kakufukuza." Akauegemeza ubao ukutani, asijue mikono aiweke wapi. "Ulitazama jukwaani leo?"

"Ningepata wapi nafasi hiyo?"

"Mama," kijana akasema. "Leo amekaa mpaka mwisho."