Bunduki za Saint-Nicolas

Karatasi ilikuwa imeandikwa tayari, imebaki sahihi tu. Monsieur Clovis, mkuu wa huduma za jamii kiwandani, aliisogeza kwa kidole kimoja mpaka ikafika mbele ya Marceline. Marceline alikuwa amempakata Élise, bintiye wa miaka sita, jicho la kushoto limefungwa kitambaa kilicholowa usaha.

"Soma, Mama Élise. Ni formalité tu."

Alisoma. Eti mtoto alijichoma jicho kwa kijiti, nyumbani, akicheza bila mtu wa kumwangalia.

"Kijiti gani, Chef? Ile ilikuwa bunduki. Ninyi njo mulimupatia."

Kambi nzima ilishuhudia. Kila tarehe sita Desemba kiwanda huwaita watoto wa wafanyakazi jina kwa jina. Baba husaini kwenye orodha, Saint-Nicolas mwenye ndevu za pamba hutoa zawadi, na watu hupiga makofi. Kuikataa ni kumtukana aliyekupa kazi, na nani athubutu? Mwaka huu zilikuja bunduki za plastiki zenye risasi za manjano, ngumu kama mahindi makavu. Joachim, babaye Élise, alisaini. Kesho yake risasi ilikwama, mtoto akachungulia tunduni, ikafyatuka.

Kwa wiki tatu zahanati ya kiwanda ikampa marhamu. Jana tu ndipo nesi alipomvuta Marceline pembeni akamwambia kwamba jicho lililokufa laweza kuliua lenzake. Mtoto apelekwe Lubumbashi kwa daktari wa macho, tena upesi. Lakini bila barua ya kiwanda, yenye mhuri wa Clovis, hapokewi.

"Unasinya, natia cachet, unaenda," Clovis alisema. "Hausinye, unabakia. Weye njo unachagula."

"Na zile bunduki zingine, zenye kubakia mu makatoni?"

"Zile ni za batoto ba kambi ya Panda, za Bonane, siku ya mwaka mupya. Zinaenda leo."

Marceline alichukua kalamu. Clovis akatabasamu, mapema mno. Mama yule alilikata neno kijiti kwa mstari mnene, akaandika juu yake, kwa mwandiko safi wa shule ya masista: bunduki ya Saint-Nicolas. Kisha akasaini.

"Nimesinya, Chef. Tia cachet."

Clovis aliichana vipande vinne, polepole, akimtazama usoni. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; kiwandani walishika nusu ya kwanza tu.

Marceline alipotoka uani, pikapu ilikuwa inapakiwa katoni za bunduki. Wanaume wa zamu ya mchana walikuwa wanaingia, na Joachim akachomoka kati yao mbio.

"Mama Élise, nakuomba. Watanifukuza kazi. Sinya tu, mutoto apone!"

Maneno hayo yalimuuma kuliko ya Clovis, maana yalikuwa na ukweli. Sahihi moja tu, na Élise angekuwa njiani. Marceline hakuwa na hakika kwamba anafanya vema.

"Nikisinya, Papa Élise, na bale ba Panda? Nabo kiwanda itasema ni kijiti?"

Marceline akaenda mbele ya pikapu, akaketi chini kwenye vumbi jekundu, mtoto mapajani.

"Shusha makatoni, pakia mutoto!" alimpigia dereva kelele. "Hii motokari inaenda Lubumbashi, ao haiende fasi yoyote!"

Zamu nzima ilisimama. Mtu mmoja akacheka kwa woga. Joachim alimtazama mkewe, akaitazama ofisi, akavuta pumzi kama mtu anayeingia mto asioujua kina chake. Akateremsha katoni ya kwanza. Jirani yake akateremsha ya pili. Ya tatu ikapasuka, bunduki zikatawanyika miguuni mwao, na hakuna aliyeinama kuziokota.

Clovis alitoka mlangoni.

"Weye, dereva! Avance!"

"Chef, kuko muntu mbele."

"Nimesema avance! Atatoka."

Injini ikanguruma. Pikapu ikasogea, ikasogea tena, ikasimama hatua moja kutoka kwa Marceline. Hakuondoka. Joto la injini lilimpiga usoni. Élise aliinua kichwa, akaligeuza jicho lake zima kuelekea chuma kile, amelitumbua wazi kabisa.

"Mama," aliuliza, "motokari iko wapi?"