Bima ya Eliya

Jioni ile waliporudi kutoka makaburini, simu ya Eliya ililia ndani ya mkoba wa Martina. Mumewe alikuwa ameshafukiwa, lakini simu yake bado ilikuwa na chaji. Martina akaitoa, akasoma: "Ndugu Eliya, rejesho lako la mkopo limechelewa. Lipa leo kuepuka usumbufu."

Akaizima. Waombolezaji walikuwa bado wamejaa uani, masufuria ya ubwabwa yako jikoni, na mama mkwe wake, Bi Mageni, amelala kwenye mkeka hana hata sauti ya kulia. Haikuwa siku ya kuzungumzia benki.

Eliya aligongwa na lori kwenye barabara kuu akirudi Katoro na pikipiki yake, ametoka Geita kununua mkanda wa mashine. Mashine yenyewe ya kusaga na kukoboa waliinunua kwa mkopo wa benki moja ndogo iliyoko jirani na stendi. Ilikuwa inafanya kazi vizuri. Katoro haikosi watu wa kula: wachimbaji wa dhahabu wanaotoka maduarani, wafanyabiashara, madereva wa bodaboda, wote wanataka unga. Rejesho lilikuwa halijawahi kuchelewa hata siku moja mpaka wiki ile ya msiba.

Na Martina hakuwa na hofu, kwa sababu mkopo ulikuwa na bima. Afisa mikopo, kijana mmoja anayeitwa Adam, alikuja mwenyewe nyumbani siku ya kukagua dhamana. Alikaa sebuleni, akanywa soda, akawaeleza mbele ya Bi Mageni.

"Kuna kiasi tutakikata kwenye mkopo kabla hamjaupokea," alisema. "Hicho ni cha bima. Mungu apishe mbali, mkopaji akifariki, kampuni ya bima inamaliza deni. Familia haidaiwi hata senti."

Eliya alicheka, akamwambia yeye hana mpango wa kufa. Lakini pesa ilikatwa, wakaupokea mkopo ukiwa umepungua, wakaridhika.

Kwa hiyo arobaini ilipopita Martina alivaa gauni lake jeusi akaenda benki. Adam alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa ajili ya ile bima."

"Usiwe na wasiwasi kabisa. Lete cheti cha kifo tu."

Akaleta cheti cha kifo. Adam akasema inatakiwa na taarifa ya polisi kuhusu ajali. Akaenda polisi, akazungushwa, akaipata, akaileta. Adam akasema wanasheria wa benki wanataka barua ya usimamizi wa mirathi. Martina akaenda Mahakama ya Mwanzo, akafungua shauri, akasubiri tangazo likae muda wake ukutani, akateuliwa msimamizi, akaleta barua. Adam akasema sasa kila kitu kimekamilika, limebaki suala la mfumo.

"Mfumo gani?"

"Mfumo wa makao makuu, mama. Uko chini kidogo. Wakati tunasubiri, endelea kulipa rejesho ili mkopo usiharibike. Bima ikijibu, utarudishiwa zote."

Akalipa. Alilipa kwa pesa ya mashine, na mashine ilipopungukiwa wateja msimu wa kilimo, akauza pikipiki ya Eliya iliyokuwa imepinda, akalipa. Kila akienda benki anaambiwa mfumo. Adam alianza kumkwepa. Akimwona mlangoni anainuka na kuingia chumba cha ndani. Siku moja Martina alimsikia kwa masikio yake akimwambia mwenzake, "Mwambie nimetoka."

Hapo ndipo aliposema basi. Hakulipa tena.

Shemeji yake Valerian, mdogo wake Eliya, alikuja kumwonya. "Shemeji, usishindane na benki. Lipa tu, taratibu. Hao wana wanasheria."

"Nilipe deni ambalo Eliya alishalikatia bima? Kwa nini?"

"Ili tuishi kwa amani."

"Amani yako au yangu?" Martina alimuuliza. Valerian akaondoka amenuna, na tangu siku hiyo akawa anapita njia nyingine.

Madalali walikuja asubuhi ya siku ya gulio, wakati foleni ya wateja ilipokuwa ndefu kuliko siku zote. Walikuwa na pikapu, mfuko wa spana na mgambo wawili. Mkubwa wao hakumsalimia mtu. Alinyoosha mkono ndani, akakata umeme, mashine ikanyamaza na mahindi ya mtu yakiwa bado kwenye bakuli lake la juu.

"Martina wa Eliya ni nani hapa? Tumetumwa na benki. Tunachukua mota."

"Mwenye deni alikufa," Martina alisema. "Na lilikuwa na bima. Nendeni mkamuulize Adam."

"Sisi hatumjui Adam. Sisi tunajua kazi."

Wakaanza kufungua nati. Martina hakufikiri, alikwenda akaikalia ile mota, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshikilia mtoto. Mgambo wakamshika mabega. Khanga ikamvuka. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakapiga kelele, mmoja akamfunika, lakini mota ilikwisha kunyanyuliwa. Aliiangalia ikipakiwa kwenye pikapu, imejaa grisi, na wale wanaume wanafuta mikono kwenye magunia yake.

Kilichomuuma zaidi kilitokea jioni yake. Alikuwa dukani ananunua chumvi, akasikia nyuma yake sauti ya mwanaume asiyemjua: "Huyo ndiye aliyekula rambirambi akaacha deni." Aligeuka, akamtazama mpaka yule mtu akaangalia pembeni. Lakini hata yeye hakujua ukweli uko wapi. Alijua tu kwamba anadanganywa.

Kesho yake alipanda basi la asubuhi kwenda Mwanza. Hakumuaga mtu ila mama mkwe wake. Jina la kampuni ya bima alilikumbuka kwa sababu Adam alilitaja ile siku na Eliya akalifanyia utani. Aliuliza watu mjini mpaka akaipata, ghorofani, ofisi yenye baridi ya kiyoyozi, na msichana mmoja mezani aliyejitambulisha kuwa ni Rebeka.

Rebeka alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Wa kwanza kufanya hivyo tangu msiba. Kisha akaandika jina la Eliya kwenye kompyuta. Akaliandika tena kwa namna nyingine. Akanyanyuka, akaenda kumuita mkubwa wake, wakasimama wote wawili wakitazama kioo.

"Mama," alisema Rebeka aliporudi kukaa, "mume wako hayumo humu."

"Hayumo vipi? Alikatwa."

"Sikatai kwamba alikatwa. Nasema pesa yake haikufika kwetu. Na si yake peke yake. Lile tawi halijatuletea mteja hata mmoja tangu mwaka juzi."

Martina aliomba maneno hayo yarudiwe ili ayasikie vizuri. Alidhani akishaujua ukweli atalia, au atapumua. Badala yake alipandwa na hasira. Cheti cha kifo. Polisi. Mahakama. Vile alivyopanga foleni na kusema "samahani baba" kwa kijana aliyejua kila siku kwamba hakuna bima yoyote. Rebeka alimletea maji. Hakuyanywa.

Aliporudi Katoro hakupitia nyumbani. Alishuka stendi akaingia benki moja kwa moja, na mkoba wake wa safari. Ilikuwa karibu na mwisho wa mwezi na ukumbi ulikuwa umejaa. Adam alimwona, akaanza kuinuka.

"Kaa hapo hapo, Adam!" Martina alisema kwa sauti iliyowageuza watu wote. "Leo usiniambie umetoka. Nimetoka Mwanza. Bima hawamjui Eliya. Pesa mliyomkata iko wapi?"

Adam akakaa. Meneja, mwanaume mnene anayeitwa George, alitoka haraka ofisini kwake akifunga kitufe cha koti.

"Mama, karibu ndani tuzungumze. Haya mambo ni ya ofisini."

"Sitaki kuingia ndani. Tuongee hapa hapa."

"Mama yangu, tuheshimiane. Kuna wateja."

"Na mimi nani? Mlipokuja kuning'olea mota hamkuniita ndani. Mlinivua nguo mbele ya watu. Swali langu ni fupi: pesa ya bima iko wapi?"

George akashusha sauti, akasema kulikuwa na changamoto za kimfumo katika kuhamisha makato, na kwamba benki inalifanyia kazi. Hakumaliza. Mwanamke mmoja aliyekuwa dirishani, Philomena, muuza dagaa ambaye sokoni wote wanamfahamu, aliziacha noti zake mbele ya keshia akageuka.

"Ngoja kwanza. Makato yapi? Mimi pia nilikatwa bima. Yangu imefika?"

"Mama, tuko kwenye suala la mteja mwingine."

"Nakuuliza imefika?"

George akakifungua tena kitufe cha koti, na watu wakaelewa jibu. Mchimbaji mmoja mwenye viatu vya matope meupe akasema yeye shughuli yake ni kuingia shimoni kila siku, na amekopa kwa dhamana ya nyumba. Akifukiwa leo, mke wake atauziwa nyumba? Mwingine akauliza. Mwingine akapiga meza. Meneja akamwashiria mlinzi, Marwa, amtoe Martina nje. Marwa alisogea, bunduki begani, akamgusa kiwiko.

"Mama, tafadhali twende."

"Niguse tena uone."

Marwa aliuangalia ule umati, akamwangalia meneja, akarudi mlangoni akasimama kama vile hajatumwa kitu. George akaingia ofisini kwake akajifungia kwa ndani. Madirisha ya keshia yakashushwa mapazia. Hakuna aliyehudumiwa tena siku hiyo, na hakuna aliyeondoka. Walikaa ukumbini na kwenye ngazi za nje mpaka mtu wa ofisi ya kanda ya benki alipopiga simu kutoka Mwanza na kuahidi kwamba wakubwa watakuja wenyewe.

Walikuja kweli, wiki iliyofuata, na gari lenye vioo vyeusi. Sasa Martina alipewa kiti, akaitwa mteja wetu wa thamani. Wakakiri kwamba makato hayakupelekwa. Nani aliyabakiza, hawakusema, "uchunguzi unaendelea." Deni likafutwa, na alichokilipa baada ya kifo cha Eliya kitarudishwa. Mota yenyewe ilikwisha kuuzwa kwa mtu wa Buseresere, hivyo watamnunulia nyingine. Lakini kulikuwa na sharti: asaini kwamba hatalizungumza jambo hili popote.

"Hilo sisaini," alisema.

"Mama, bila hilo malipo yatachelewa."

"Yachelewe. Nimeshazoea kucheleweshwa na ninyi. Philomena akiniuliza nimjibu nini? Kwamba mdomo wangu mmeununua?"

Wakamchelewesha kweli. Alikaa bila mashine, akauza maandazi asubuhi na kulima vibarua vya watu mchana, na kila wiki alikwenda na Philomena na wenzao kusimama kwenye ule ukumbi. Valerian alirudi, safari hii akamwambia anachukua heshima ya ukoo na kuianika barabarani. Martina alimwachia kikombe cha chai mkononi akatoka nje. Mwishoni, pengine kwa sababu watu walikwisha kuanza kuhamisha akaunti zao, wakubwa waliliondoa lile sharti, na mota ikaletwa. Ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Fundi alisema itasaga, ila kukoboa itakuwa inalemewa.

Siku chache baada ya mota kufungwa, Adam alikuja nyumbani. Alikuwa amehamishiwa tawi jingine. Meneja George naye, ilisemekana, alikuwa amepewa likizo. Adam alibeba mfuko wa sukari na khanga, akapiga hodi kwa sauti ya chini. Bi Mageni, aliyekuwa anachambua mchele barazani, akamkaribisha kabla hajamtambua.

Martina alitokea ndani, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Ulikuwa unajua?" alimuuliza. "Siku uliyonituma mahakamani, ulikuwa unajua?"

Adam aliangalia ule mfuko mkononi mwake. "Mama, mimi nilikuwa mdogo pale. Ningesema ningefukuzwa kazi."

"Nimekuuliza ulijua au hukujua?"

"Nilijua."

"Basi chukua sukari yako uende."

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Nimekusikia. Nenda."

Alipoondoka, Bi Mageni aliweka ungo chini akamgeukia mkwewe. "Mayu," alimwita mama kwa Kisukuma, kama anavyomwita akitaka kumsihi, "mtoto wa watu ametoka mbali. Deni limekwisha. Mota iko. Utakasirika mpaka lini?"

"Sijui, mama," Martina alisema. "Eliya amekufa mara moja, lakini wao walinilazimisha nithibitishe kifo chake kila wiki, kwa kila mwenye muhuri, na huku wanajua ni bure. Hilo bado sijajua nilifanye nini."

Bi Mageni akaurudia mchele wake. Kutoka kwenye banda la mashine mtu aliita kwamba ameleta madebe mawili ya mahindi, na je, leo wanakoboa?

"Kusaga tu!" Martina alijibu kwa ukali ambao yule mteja hakustahili, akajifunga khanga kiunoni akaenda kuwasha mashine.