Ubao wa Kaboni Usiosema

Kwa wachezaji wote wa mpira wa meza pale mjini, yule mama kocha aliitwa Mizani. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu waliochoka kununua raketi mbovu. Ukimpelekea ubao wa raketi, atabandika raba zake, ataucheza saa nzima, kisha atakuambia mambo matatu tu: kasi, udhibiti na hisia. Yaani ubao unakimbia kiasi gani, unamtii mwenye nao au una kichwa kigumu, na unausemesha mkono au hausemi. Akiupitisha, umeuzika. Akikunja pua, kapepelee nao jiko.

Basi mdogo wake, fundi seremala, wa tumbo moja naye, akatengeneza mbao tatu za kaboni. Kila moja ilikuwa na matabaka saba, matano ya mti na mawili ya kitambaa cheusi cha kaboni, ila kila moja kaboni yake aliilaza mahali tofauti. Miezi mitano mtu wa watu hajui Jumapili. Mwenye duka la vifaa vya michezo alishamwambia wazi: "Dada yako akipitisha hata mmoja, nachukua kazi yako mwaka mzima. Asipopitisha, tusipotezeane muda." Angekuja Jumamosi. Na kazi ya viti na makabati ilikuwa imekauka kabisa, kwa hiyo fundi na nyumba yake walikuwa wanaishi kwa kuingoja Jumamosi hiyo.

Jumatatu wakakutana ukumbini kwa Mizani, ubao wa kwanza mkononi. Kasi haikuwa na mjadala: mpira ulitoka pale kama umetukaniwa mama. Kwa udhibiti, Mizani aliweka karatasi kwenye kona ya meza akailenga mara ishirini. Kwa kawaida yake angeigonga kumi na saba. Aliigonga nane.

"Kaboni yako ina kiherehere," akasema.

Likabaki jaribio la hisia, na hilo alilibuni mwenyewe. Anafumba macho, mtu anadondosha mpira juu ya ubao, naye anataja ulipogusa. Watu walikuwa wanaacha mechi zao kuja kumtazama, maana hakosei.

"Katikati," akasema.

"Nchani, dada."

"Haya. Kushoto."

"Nchani tena."

Mizani akafumbua macho. "Ubao wako bubu, mdogo wangu. Hausemi chochote."

Fundi hakubisha. Tangu utoto, dada akisema raketi mbaya, ni mbaya. Jumanne akaleta wa pili, Jumatano wa tatu, na zote mbili dada akazihukumu vilevile, bubu. Jumatano hiyo fundi alizifunga zote kwenye gazeti, akamwambia asante, akaondoka bila kumalizia chai.

Sasa nikwambie, maana mimi mambo ya kuficha siyawezi. Mizani alikuwa na ganzi. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vya mkono wa raketi, miezi mitatu sasa. Vifungo vya blauzi alifunga kwa kutazama kwenye kioo, na vikombe viwili vilikuwa vimeshamponyoka jikoni. Hakumwambia daktari, hakumwambia mtu. Kocha asiyesikia raketi ni wa nini? Klabu wangemwekea mwingine kabla ya mwezi kuisha, na yeye nje ya ukumbi ule hajui kitu kingine. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Basi yeye akaisingizia kaboni.

Alhamisi, binti yake, ambaye naye ni mchezaji, akatoa kabatini raketi ya zamani ya mama, ya mti mtupu, aliyoichezea miaka ishirini. "Mama, hebu tujaribu na hii. Nataka nijue tofauti."

Hakuwa na pa kukimbilia. Alifumba macho. Akataja katikati, akataja kulia, akataja nchani, kisha kushoto, kisha chini karibu na mpini.

Binti aliudaka mpira. "Mama, mara zote tano nimedondosha pale pale."

Mizani alivaa viatu akaenda karakana moja kwa moja. Njia nzima alikuwa anajipanga: atamwambia mdogo wake wajaribu tena, atasema labda alichoka, labda raba zilikuwa kuukuu.

Alimkuta mdogo wake ameinama juu ya meza ya kazi, patasi mkononi. Zile mbao tatu alikuwa amezipasua zote, tabaka kwa tabaka, amezipanga kama kurasa.

"Nimetafuta kosa, dada," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Gundi imeshika kote. Hakuna kiputo hata kimoja. Kaboni imenyooka. Wewe una jicho kunishinda, nionyeshe nilipoharibu."

Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamwisha. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Hujaharibu. Mkono wangu una ganzi. Hata raketi yangu ya zamani siisikii."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

Fundi aliweka patasi chini taratibu. "Kwa hiyo Jumatatu ulijua."

Angeweza kusema hapana. Mdogo wake angeamini, maana kila alichomwambia aliamini.

"Nilijua," akasema.

Hakumgombeza. Heri angemgombeza. Alichukua ufagio akaanza kufagia maranda, akimzunguka miguu kama mteja aliyechelewa kuondoka.

Mizani akatoa simu, akampigia mwenye duka hapo hapo. "Mbao za fundi ni nzima. Kasi yao nimeiona mwenyewe. Mengine niliyokuambia jana, kwamba ni bubu, nimekudanganya, mkono wangu ni mbovu, siku hizi sisikii kitu. Usichukue tena neno langu, na klabu nitawaambia leo."

 Mwenye duka akasema, basi Jumamosi atakuja na mchezaji mwingine azijaribu, mbao ziwe tayari.

Mizani akaziangalia zile kurasa nyeusi na nyeupe juu ya meza. Fundi alikuwa ameacha kufagia, anasikiliza.

"Hazipo," Mizani akamwambia mwenye duka. "Nimezivunja mimi."