Kitabu Hakikunjwi

Sanduku la vitabu lilifika kwenye maktaba ya shule wakati wa mapumziko, likisukumwa juu ya toroli ya jikoni iliyonuka chai ya maziwa. Lilitoka kwa daktari mstaafu aliyekuwa anahamia nyumba ndogo. Juu ya kifuniko paliandikwa neno moja kwa wino mzito: TAWASIFU.

Mwalimu wa maktaba alilitazama neno hilo kama mtu anavyomtazama mgeni aliyefika bila taarifa. Katika maktaba yake hapakuwa na rafu ya tawasifu. Palikuwa na Historia, Sayansi, Dini, Hadithi, Kilimo na Maarifa ya Nyumbani, na mtu mwenye akili timamu hahitaji zaidi ya hapo. Akamgeukia Kibiriti, msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akifuta vumbi kama adhabu ya kuchelewa gwaride.

"Hivi vinahusu nini?"

Kibiriti alisoma nyuma ya jalada. "Watu walioteswa wakiwa watoto, Mwalimu. Wamekua, wakaandika."

"Waliteswa wapi?"

"Nyumbani."

"Basi," akasema Mwalimu. "Maarifa ya Nyumbani."

Ndivyo vitabu hivyo vilivyopangwa kati ya kitabu cha mapishi na kitabu cha kushona vifungo, na kusema kweli hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba Mwalimu alikosea. Juu ya rafu hiyo palikuwa na tangazo lake maarufu: KITABU HAKIKUNJWI. Mwalimu alisamehe madhambi yote ya binadamu isipokuwa moja, kukunja kona ya ukurasa. Msichana aliyewahi kukutwa amekunja ramani ndani ya atlasi alisimamishwa mbele ya shule nzima, akaambiwa ameivunja dunia mgongo.

Kibiriti aliitwa Kibiriti kwa kuwa alikuwa mfupi na mwenye pembe nne kama kisanduku cha njiti. Ufupi huo haukuwa wa kuzaliwa. Baba yake alikuwa dobi, na mjini hapakuwa na mtu aliyekunja shuka kama yeye, kona juu ya kona, mpaka mteja akaona haya kuilalia. Alikuwa mtu wa kicheko, wa kusalimia hadi paka wa jirani, na watu wote walimwita Mzee Mkunjufu. Nyumbani aliwakunja wanawe.

Kibiriti alikunjwa kwa kuvunja sahani, kwa kujibu, kwa kutojibu, na safari moja kwa kucheka wakati wa taarifa ya habari. Baba alianza na magoti, akayaleta kifuani. Kisha kiuno, kisha mikono ikaingizwa ndani, na mwisho shingo. Akampigapiga kwa kiganja ili alale vizuri, kama afanyavyo kwa foronya, akamweka kwenye rafu ya kabati juu ya mashuka ya wageni. Hakuwa na hasira. Mara nyingine alikuwa akipiga mluzi. Asubuhi mama alimtoa, akamkung'uta, akampa chai.

"Samaki mkunje angali mbichi," baba alipenda kusema, "akikauka atavunjika."

Samaki mwenyewe hakuwahi kuulizwa.

Nguo ikikunjwa mbichi huweka mikunjo, na Kibiriti alikuwa nayo kila mahali: nyuma ya shingo, kiunoni, ndani ya viwiko, magotini. Penye mikunjo palikuwa na ganzi. Hakulalamika, kwa sababu ganzi haina la kulalamikia.

Alianza kusoma vile vitabu kwa kuwa vilikuwa karibu na kitambaa cha vumbi. Cha kwanza kiliandikwa na mwanamke wa nchi ya mbali ambaye, alipokuwa mtoto, aliweza kujua jioni itakuwaje kwa kusikiliza tu jinsi ufunguo unavyoingia kwenye kitasa. Kibiriti aliisoma sentensi hiyo, akairudia. Nyuma ya shingo yake pakalia *ko*, kama mtu anayevunja vidole, na kichwa chake kikapanda kikafika usawa wa rafu ya Kilimo.

Aliweka kipande cha karatasi ndani ya kitabu, maana ukurasa haukunjwi, akaenda darasani.

Nyuma yake alikaa Redio, rafiki yake, msichana aliyekuwa hewani tangu kengele ya kuamka hadi taa kuzimwa. "We Kibiriti, shingo hiyo umeitoa wapi?"

"Maktaba."

"Basi ikarudishe. Sioni ubao."

Kitabu cha pili kilikuwa cha mwanamume aliyelelewa na babu aliyemfungia kwenye banda na kuku, na ambaye mpaka uzee wake hakuweza kula yai. Kwa kitabu hicho Kibiriti alikunjuka kiuno. Cha tatu kilimkunjua magoti yote mawili, usiku wa kuamkia mtihani wa hesabu, na asubuhi sketi yake ilikuwa haifiki mahali sketi za shule hiyo zinapotakiwa kufika.

Aliitwa kwa matroni. Matroni hakuwa mtu wa kushangaa. Aliwahi kukuta mbuzi chini ya kitanda cha mwanafunzi, akauliza tu kama ameoga. Alimzunguka Kibiriti, akainua macho, akainua tena.

"Unakula nini?"

"Ninasoma, Matroni."

"Soma polepole. Kitambaa cha kijani kimeisha dukani."

Akashusha pindo la sketi, na pindo lilipokwisha akaongezea kipande cha pazia la bwalo. Vitanda viwili vikaunganishwa, kichwa kwa miguu. Kibiriti alikunjuka viwiko, mabega, na mikunjo midogomidogo ya vidole ambayo hata yeye alikuwa ameisahau. Shule ikazoea. Alibadilisha balbu bila ngazi, akatoa mipira juu ya paa, na timu ya netiboli ikaanza kushinda kwa namna iliyoonekana ni ya uonevu. Jina likabaki Kibiriti, kwa sababu kubadili jina la utani kunahitaji kikao cha bweni, na bweni lilikuwa na mambo mengi.

Redio alikuwa na shaka moja tu ya kisayansi. Jumamosi moja alichukua ncha ya bikari, akamchoma rafiki yake pale mkunjo wa goti ulipokuwa.

"Unasikia?"

"Nasikia kuna kitu."

"Kinauma?"

"Hapana."

"Sasa urefu wote huu ni wa nini, shoga yangu, kama hauumi wala haufurahishi?"

Kibiriti alifikiri. "Wa kufika," akasema. Hakusema wapi.

Kitabu cha mwisho kilikuwa chembamba kuliko vyote. Aliyekiandika hakueleza kipigo hata kimoja. Alieleza kwamba siku moja, akiwa mtoto, alimweleza shangazi yake kila kitu, na shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Haya, kula, chakula kinapoa." Kibiriti alimaliza kusoma akiwa amekaa sakafuni, miguu ikitokea dirishani. Alisubiri. Sauti ya *ko* ilitoka chini ya ulimi.

Alijaribu ulimi huo kwa kutaja jina la baba yake. Ulifanya kazi.

Siku ya wazazi ilikuwa wiki iliyofuata, na mgeni rasmi alikuwa Mzee Mkunjufu, kwa kuwa ndiye aliyeifulia shule mapazia yake yote bure, likiwamo lile lililopungua kipande. Alifika na suti isiyo na mkunjo hata mmoja. Alimsalimia mlinzi, mpishi, na mche wa maua uliokuwa getini. Mama alifuata nyuma na kikapu kikubwa chenye kifuniko.

"Shikamoo, mama. Kitinda yuko wapi?" aliuliza Kibiriti akiinama. Kitinda alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyeanza shule mwaka huo.

"Marahaba. Yumo," akasema mama, akafunua kikapu.

Kitinda alikuwa kati ya chupa ya chai na taulo, magoti kifuani, mikono ndani, shingo upande. Alikuwa amekunjwa vizuri sana, kazi ya mtu mwenye uzoefu.

"Alicheka kwenye gari," mama akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwa nini amebeba mwavuli.

"Dada," Kitinda akasema kutoka ndani, "umekuwa mrefu."

"Nimekuwa."

"Huko juu kuna nini?"

"Upepo."

Baba aliwafikia akiwa na mkuu wa shule, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba. Alirudisha kichwa nyuma ili amwone binti yake hadi kichwani, akapiga makofi kwa furaha. "Mwanangu! Sasa wewe nitakukunjia wapi?" Mkuu wa shule alicheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. Walimu waliokuwa karibu wakacheka pia. Lilikuwa tamko zuri, lililosemwa na mtu anayependwa.

Katika hotuba yake Mzee Mkunjufu aliwashukuru wapishi, akawasifu walimu, kisha akafika kwenye malezi. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema, na bwalo zima, wazazi na wanafunzi, likaitikia kama kwaya: "Akikauka atavunjika!"

Hapo Kibiriti alisimama. Feni ya darini ilizimwa kwa ajili ya usalama.

"Baba anatukunja," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, kama anasoma ratiba. "Alinikunja mimi tangu nikiwa mdogo, akaniweka kabatini. Sasa anamkunja mdogo wangu. Amekunjwa hivi sasa. Yumo kwenye kikapu cha mama, pale mstari wa mbele. Naomba mtu amkunjue, na baba aambiwe asimkunje tena."

Kijiko kilianguka jikoni. Mkuu wa shule aliinuka, akavua miwani, na watu wakaona kwamba ana machozi.

"Wazazi," alisema, "mmesikia. Ni watoto wangapi siku hizi watasimama mbele za watu na kukiri kwamba walikunjwa? Na mtazameni alivyonyooka!"

Makofi yalianza nyuma, yakaja mbele, yakapanda hadi alipokuwa Kibiriti.

"Sikiri," alisema Kibiriti. "Nashtaki. Iliuma."

"Adabu huuma, mwanangu," akasema mkuu wa shule kwa upole mkubwa, na kina mama kadhaa wakaitikia, "Kweli kabisa."

Kibiriti alitafuta neno lingine. Alikuwa amesoma vitabu vingi na alikuwa na ulimi mzima, lakini baba yake alichofanya ni kukunja, na neno hilo lilikuwa tayari limeketi kwenye meza kuu, limevaa shada la maua. Mzazi mmoja wa mstari wa pili alimwinamia Mzee Mkunjufu na kumwuliza kwa heshima, "Samahani, mzee, wewe huanza na magoti au na shingo?"

"Magoti, ndugu yangu. Ukianza na shingo hufiki mbali."

Mzazi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta.

Redio hakupiga makofi. Alikuwa amekalia mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na shule hiyo hakuwa na la kutangaza. Baada ya hotuba alikwenda maktaba akaazima kile kitabu cha ufunguo na kitasa. Alisema ni kwa ajili ya jirani yao wa nyumbani.

Wageni walipoanza kuondoka, Kibiriti naye alipita maktaba, akanyoosha mkono kupitia dirishani, akachukua kile kitabu chembamba. Alimkuta mama karibu na geti, akisubiri baba amalize kuaga. Akafunua kikapu, akakiingiza kitabu kati ya Kitinda na chupa ya chai, kikiwa wazi kwenye ukurasa wa kwanza.

"Soma," alimwambia. "Ukisoma, utanyooka."

Kitinda alikuwa bado kwenye silabi. Alisogeza pua karibu na karatasi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa ndani, akakaza macho.

"Ba," alisoma. "Ba."

"Endelea."

"Ba. Ba. A. Li."

"Hebu!" Ilikuwa sauti ya mwalimu wa maktaba, aliyekuwa getini akikagua mizigo kama afanyavyo kila siku ya wazazi. Alichungulia ndani ya kikapu, akashika kifua. "Hicho ni cha maktaba."

"Ni cha kusoma njiani, Mwalimu," alisema Kibiriti. "Atakirudisha."

"Sikatai kusoma. Lakini tazama mwenyewe, mama. Humo ndani kitakunjika."

Mama alitazama na kuona kwamba ni kweli. Kona ya jalada ilikuwa imeegemea goti la Kitinda na imeanza kujipinda. Uso ulimshuka kwa aibu. "Samahani sana, Mwalimu. Kwa kweli sikuona." Akakitoa kwa mikono miwili, akakipangusa kwa upindo wa gauni lake, akamkabidhi.

Mwalimu alikikagua ukurasa kwa ukurasa. Akaiweka ile kona juu ya kiganja, akaisugua kwa ukucha, taratibu, mpaka ikalala sawasawa. Kisha akapumua.

"Kina bahati," alisema. "Kingekaa humo mpaka nyumbani, kisingenyooka tena."

"Ni kweli, Mwalimu," akasema mama, akafunga kikapu.

Baba alimaliza kuaga, akamsalimia mlinzi mara ya pili, wakaondoka kwa miguu kuelekea kwenye gari lililoegeshwa mwisho wa mtaa. Ukuta wa shule ulikuwa mrefu, na wanafunzi wengine waliacha kuwaona wageni wao mara tu walipotoka getini. Kibiriti alikiona kikapu hadi kwenye kona ya mwisho, kwa kuwa alikuwa mrefu.