Siku ya Kwanza ya Homa

Véronique alikuwa mjane aliyekimbia Bule, huko Djugu, mwaka soko lao lilipochomwa vitani. Huku Bunia, katika mtaa wa Rwambuzi, watu walimjua kwa mambo mawili: unga wake wa muhogo, mweupe usio na mchanga, na ulimi wake usiojua kunyamaza mbele ya wakubwa. Hilo la pili ndilo lililomfanya Dorcas amfuate sokoni.

Dorcas alikuwa daktari kijana kutoka Butembo. Yeye na wenzake walikuwa wanachunguza kwa nini watoto wengi wanakufa kwa homa ilhali vituo vya afya viko karibu na kwao. Wafadhili wa utafiti huo walikuwa wametenga fungu la pekee ili raia wa kawaida wakae meza moja na watafiti. Fungu hilo lililipia ukumbi wa parokia, chai, nauli, na mtu wa kugeuza karatasi za Kifaransa ziwe Kiswahili. Walitafutwa watu saba wa kuunda kamati hiyo. Véronique alikubali kuwa mmoja wao, ingawa moyoni hakuamini kama kuna mtu atakayewasikiliza.

Katika mkutano wa kwanza walisomewa maswali watakayoulizwa akina mama waliofiwa. La kwanza kabisa lilisema: "Kwa nini ulikawia kumleta mtoto?"

"Mama Dokta, ile swali ni mubaya," Véronique alisema.

"Mubaya namna gani, mama?"

"Siye hatukawiake. Mutoto anapata homa leo, leo tunafika. Wanatuambia vya kupima damu vimekwisha, rudi kesho. Kesho watu ni wengi mpaka inje. Siku ya tatu ndio wanaandika jina kwa karti. Halafu munakuya kutuuliza juu ya nini tulikawia."

Anaclet, mwalimu mstaafu aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alisema polepole kwamba mjukuu wake naye aliandikwa siku ya tatu. Dorcas akachukua kalamu, akalifuta swali, akauliza liandikwe namna gani. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe likawa: "Siku ya kwanza ya homa ulikwenda wapi, na huko walikuambia nini?"

Siku hiyo Véronique alirudi nyumbani kwa hatua za taratibu. Tangu aikimbie Bule alikuwa ameandikwa na watu wengi, katika orodha nyingi. Hakuna aliyewahi kufuta neno kwa sababu yeye amesema halifai.

Kazi yake iliyofuata ilikuwa kuwaomba akina mama wakubali kuongea. Aliyekataa kuliko wote ni jirani yake, Gracieuse, aliyeuza sokoni kama yeye. Mtoto wake wa pekee, Fiston, alikuwa amekufa akiwa na miaka miwili, na kwenye karti yake ya kliniki muuguzi aliandika kwamba aliletwa kwa kuchelewa. Marcellin, baba wa mtoto, alilisoma neno hilo. Siku ya nne alifunga nguo zake, akamwambia mkewe, "Mutoto wangu ulimuacha akufe juu ya soko," akaenda Bambu kuchimba dhahabu.

Véronique alikwenda kwa Gracieuse mara tatu.

"Nikisema, itanisaidia nini?" Gracieuse aliuliza.

"Majibu itarudi. Wataisoma kwa parokia, mbele ya watu wote. Tutamuita Marcellin aisikie na masikio yake."

"Unaniahidi?"

"Ninakuahidi."

Gracieuse aliongea saa nzima, macho makavu. Wenzake nao wakakubali, mmoja baada ya mwingine, kwa ahadi hiyo hiyo. Marcellin alipopigiwa simu alijibu kwamba wakimwita, atakuja.

Miezi ikapita, kisha mwaka. Mikutano ilianza kuahirishwa, wakaambiwa wavumilie. Halafu asubuhi moja Dorcas alikuja sokoni peke yake, akasimama mbele ya gunia la unga kama mtu aliyetumwa kuleta habari ya msiba.

"Mama Véronique, feza ya kamati, wafadhili wameikata."

"Wameikata namna gani?"

"Ripoti tutaandika. Lakini mikutano, ukumbi, ile siku ya majibu, vyote vimeondolewa. Wamesema ile ibakie ni kazi ya lazima tu."

"Kumbe siye hatukuwe ya lazima."

Dorcas aliinamisha kichwa. Alisema ameandika barua, na nyingine, na nyingine tena. Wakamjibu kwa adabu kila mara. Véronique alitamani kukasirika, lakini kilichomjia ni nyuso za wale akina mama, na milango waliyomfungulia.

"Majibu iko?" aliuliza.

"Iko."

"Basi niambie. Kwa Kiswahili."

Dorcas akachuchumaa kando ya gunia, akamweleza. Zaidi ya nusu ya watoto waliokufa walikuwa wamefikishwa kituoni siku ya kwanza au ya pili, wakarudishwa bila kupimwa, Fiston akiwa mmoja wao. Neno la kuchelewa liliandikwa baadaye, siku walipopokelewa. Véronique alimrudisha mwanzo mara nne, mpaka yote yakamkaa kichwani.

"Nitaipeleka mimi," alisema. "Nyumba kwa nyumba."

Alianza na Gracieuse, akamkuta uani anafua nguo. Alimwambia yote, bila kupunguza. Gracieuse aliendelea kusugua kitambaa kile kile ambacho kilikuwa kimekwisha takata.

"Kosa haikukuwa ya weye," Véronique alimalizia.

"Ile ninaijua tangu siku ile," Gracieuse alisema. "Mutu wa kuambiwa hakukuwa mimi."

Véronique akatoa simu, akampigia Marcellin, akaweka sauti kubwa ili mwenzake asikie.

"Marcellin, ni Mama Véronique wa Rwambuzi. Majibu imetoka." Akamsomea kutoka kichwani kama alivyojifunza.

"Badokta ndio wanasema vile?" Marcellin aliuliza.

"Badokta. Imeandikwa. Fiston alifikishwa siku ya kwanza."

"Mulisema mutaniita, mama. Nilingoja mwaka muzima. Nikaona basi, hawana kitu ya kusema."

Nyuma yake mtoto mchanga alianza kulia, na sauti ya mwanamke ikambembeleza. Mikono ya Gracieuse ilisimama ndani ya beseni.

"Gracieuse iko hapo?" Marcellin aliuliza.

Gracieuse akatikisa kichwa kukataa.

"Haiko," Véronique alisema.

"Mumuambie..." Mtoto alilia zaidi. Marcellin hakuimaliza sentensi, na baada ya kitambo simu ikakatika.

Gracieuse alikamua kitambaa, akakianika, akarudi kuketi.

"Walikuya mbio kuniuliza," alisema, sauti yake ikiwa chini. "Kurudi kunijibu, wakakawia. Mama, wao nani atawaandika kwa karti?"

Véronique aliketi naye hadi jua likaanza kushuka, akamsaidia kuanika nguo zilizobaki, kisha akajifunga kitenge vizuri akaenda nyumba iliyofuata.

Kazi hiyo ilimchukua wiki nyingi, kila siku baada ya soko. Kuna mama aliyemwomba arudie maneno yote mbele ya mama mkwe wake, na yule mzee akatoka nje bila kuaga. Kuna waliokuwa wamerudi Djugu licha ya hatari, kwa kuchoka kungoja. Milango mingine ilifunguliwa na wageni wasiomjua aliyekaa humo kabla yao. Hao Véronique aliwaomba radhi, akapita.

Gracieuse alihama kabla ya mvua, kwenda kwa dada yake upande wa Mahagi. Hakuacha namba ya simu.